Ijumaa ya Mahekalu na Wanyama

Mjukuu wangu ana simu inayojua kila kitu. Wiki iliyopita aliketi kando yangu akanionyesha safari aliyokuwa akiwapangia wenzake wa kazini: waamkie Homa Bay, saa mbili wawe Thimlich kwenye kuta za mawe za kale, saa saba washuke Bonde la Lambwe kutazama wanyama, jioni warudi ziwani kula samaki. Yote siku moja. "Dani, itawezekana?" akauliza, maana kwa Dholuo bibi huitwa dani. "Wewe ni mtu wa huko." Nikamjibu kwamba itawezekana, kwamba niliwahi kuipanga safari hiyo hiyo kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba asiniulize tena. Aliinua uso akanitazama. Sikuwa nimemkaripia mtoto huyo tangu alipoacha kunyonya. Lakini hasira hii ina umri mkubwa kuliko wake, na ajabu yake ni kwamba mimi nimezeeka, yenyewe haijazeeka.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliosomea chini ya mabati yanayovuja na kupigwa na watu ambao leo tunaambiwa tuwashukuru. Vijana husema, "Si yalishapita?" Yalipita, ndiyo. Hata mimi nilipitiwa, na ndiyo sababu ninaandika.

Tuliishi Sindo, ufukweni. Baba alikuwa fundi cherehani, mwenye futi ya kitambaa shingoni siku sita za wiki, na siku ya Sabato aliivua akawa shemasi. Mama yake, yaani Dani wangu, alikataa kuhamia kwetu. Alibaki upande wa Migori, chini kidogo ya Thimlich, na mbuzi wake na shamba lake la mtama. Hakubatizwa. Alivuta sigara huku ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo, kama wanawake wengi wa umri wake, na baba alimwonea aibu kwa hilo mbele ya watu wa kanisa. Mimi nilidhani ni uchawi mzuri kuliko wote, mtu kula moto na kuongea.

Kila likizo nilipelekwa kwake. Tulichunga mbuzi ndani ya zile kuta, ambazo sisi tuliziita ohinga tu, boma. Mawe yalipangwa bila udongo wala saruji, jiwe likalala juu ya jiwe hadi kuta zikampita mtu mzima. Mchana yalikuwa ya moto, ukiweka shavu unaungua. Jioni yalitoa joto lake polepole kama mkate uliotoka jikoni. Milango ilikuwa mifupi. Mtu alilazimika kuinama ili aingie, mbuzi hawakuinama. Kulinuka mavi ya mbuzi na utomvu wa minyaa ya porini, na mijusi ilikimbia kwenye nyufa. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu, kutukana, na kunyamaza.

Kisha akaja Mwalimu Ogada. Alikuwa kijana, ametoka mbali ng'ambo ya Kisumu, shati jeupe, tai nyembamba, na sabuni yake ilinukia hadi dawati la nyuma. Alikuwa mwalimu wa kwanza kuniuliza swali na kungoja jibu. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu aliyemwona. Angeniambia nimbebee mkoba hadi mwisho wa dunia, ningeuliza tu mwisho wa dunia uko upande gani.

Siku moja alisimama mbele ya darasa letu la saba akasema, "Muhula huu tutafanya safari ya siku moja. Asubuhi tutaona mahekalu ya kale. Alasiri tutaona wanyama wa porini."

Mahekalu! Mimi binti wa shemasi nililijua hekalu moja tu, la Sulemani, la mierezi na dhahabu, lenye makerubi wenye mabawa na makomamanga ya shaba kwenye nguzo. Komamanga sikujua ni kitu gani, nikadhani ni aina ya kengele. Nikainua mkono. "Yako wapi, Mwalimu?"

"Thimlich," akasema.

Nikacheka kwa sauti. "Mwalimu, kule ni kwa dani yangu. Ni mawe. Tunafungia mbuzi."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alifungua kitabu mezani akasoma kwamba mahali pale huenda palikuwa pa ibada, kwamba wajenzi hawajulikani, na yaelekea walikuwa wageni waliopita zamani. Alipofunga kitabu alinitazama kwa muda. "Kama unaijua njia kiasi hicho, Awuor," akasema, "basi wewe ndiwe utakayeandika ratiba."

Ndivyo nilivyopewa kazi. Nami nikaenda nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua kwamba kitabu hakiwezi kusema uongo. Ikiwa hekalu lilikuwapo, basi Dani alinificha. Mahali fulani nyuma ya mbuzi kulikuwa na dhahabu.

Likizo fupi ya katikati ya muhula nilifuatana na wauza mbuzi nikaenda kumwambia Dani kwamba tunakuja watoto arobaini. Nikamuuliza moja kwa moja hekalu liko wapi na lilijengwa na wageni gani.

Alitoa sigara mdomoni. "Wageni?"

"Kitabu cha Mwalimu kimesema."

"Mwambie mwalimu wako pamejengwa na watu waliokuwa na ng'ombe na waliochoka kuibiwa. Walikuwa na mikono kama yake, ila yao ilifanya kazi." Kisha akacheka, akanivuta karibu. "Arobaini, eh? Nitawapikia uji. Nitaufyeka ule mlango wa chini, una miiba. Na wewe utaingia wa kwanza, usimame katikati uwaambie, hapa ni kwetu. Umesikia?"

Nilisikia. Nililala nikiyarudia maneno hayo, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza nilichokuwa nacho.

Ratiba ilinitoa jasho. Siku pekee tuliyopewa lori ilikuwa Ijumaa, na baba alisema wazi kwamba jua la Ijumaa likizama kabla sijafika nyumbani, Sabato imevunjwa na mimi ndiye nitakayekuwa nimeivunja. Kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuingia kati ya alfajiri na machweo. Niliwauliza wavuvi jua linazama saa ngapi, wauza mbuzi njia ya bondeni ina matope wapi, na dereva wa lori la samaki anapumzisha injini mara ngapi. Niliandika katika daftari lenye jalada la buluu, kwa mwandiko wangu bora. Saa kumi na moja alfajiri, kupanda lori. Saa tatu, kufika Thimlich na kumsalimu Dani. Saa tatu na nusu hadi saa nne kasorobo, kushangaa. Mwalimu alipofika hapo aliguna akatabasamu. "Kushangaa umepewa robo saa," akasema. Lakini hakulifuta.

Alhamisi mchana sisi wasichana hatukusoma. Tulikuwa tisa, na tuliambiwa chakula cha safari ni kazi yetu. Tulichemsha mahindi na maharagwe katika mapipa mawili, tukamenya viazi vitamu hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, tukafunga kila kitu kwa majani ya ndizi. Wavulana walifanya hesabu na moshi wetu ukawaingilia dirishani. Hatukulalamika. Kesho tulikuwa tunasafiri.

Ijumaa alfajiri lori lilikuja likinuka omena, dagaa wa ziwa letu. Tulipandisha vyakula, kisha tukapanda wenyewe, mimi mbele kabisa nyuma ya kichwa cha dereva, mahali nilipopachagua kwa ajili ya kuonyesha njia. Ziwa lilikuwa bado la kijivu. Ndipo lilipofika gari la mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye lori. Wakashuka jamaa zake waliotoka mjini, wanaume wenye makoti, wake zao wenye viatu vyenye visigino, mmoja amening'iniza kamera kifuani. Nao walikuwa wamesikia habari za wanyama.

Mwenyekiti alinong'ona na Mwalimu Ogada. Haikuchukua muda. Mwalimu akapiga ubao wa lori kwa kiganja.

"Wasichana, shukeni."

Tulidhani anataka tupange upya. "Tuliokaa mbele, Mwalimu?"

"Wote. Wageni wametoka mbali. Ninyi mtakwenda mwakani."

Wenzangu wakashuka mmoja mmoja, wakishikilia sketi zao. Mimi nikabaki nimeshika chuma. "Mwalimu, ratiba niliandika mimi."

"Na imeandikwa vizuri sana," akasema. Akanyoosha mkono, akanipapasa kichwani mara mbili, kisha akanishika kwapani akaniteremsha chini kama mtu anayeshusha debe.

Viboko vyake nimevisahau vyote. Yale mapapaso mawili sijayasahau. Chakula hakikushuka nasi, mjue hilo. Mapipa yetu yalibaki juu. Daftari la buluu lilikuwa mfukoni mwake, niliona ncha yake, na lori likaondoka likituachia vumbi na magamba ya samaki.

Mwalimu wa zamu alitupa mifagio. Tulifagia madarasa yote siku ile. Mimi sikulia. Niliifuata safari yangu kwa jua: sasa wamefika, sasa wanamsalimu Dani, sasa wanashangaa. Nilifagia mahali pamoja hadi sakafu ya udongo ikachimbika.

Jioni lori lilirudi jua likiwa bado kiganja kimoja juu ya ziwa. Ratiba yangu ilitimia. Hilo nalo liliniuma. Omolo, tuliyekaa naye dawati moja, aliruka chini uso umejaa vumbi, akaanza kunisimulia kabla sijamuuliza. Kuta zilikuwa ndefu. Dhahabu haikuwapo, alitafuta. Wanyama walikuwa wachache kwa sababu ya kelele za lori: makalio ya kongoni yakitoweka, na nyati mbali sana kama mawe meusi.

"Lakini kitu kilichoshinda vyote," akasema, "ni yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mzee. Katikati ya bonde, peke yake, kwenye nyasi zilizompita kiuno. Amejifunika kichwa chote kwa leso kwa ajili ya mbung'o. Mahali ambapo hata wanaume hupita wanne wanne, na mikuki! Lori likapunguza mwendo, mgeni mmoja akampiga picha. Sisi tukampungia mkono."

"Naye?"

"Akaanza kukimbia, anatufuata! Alikimbia vibaya, mguu mmoja juu mguu mmoja chini. Lo, tulicheka."

"Mchawi huyo," nikasema.

"Hata Mwalimu alisema si mtu wa kusimamiwa."

Nikacheka pamoja naye. Na niseme ukweli wote: nilimwonea wivu mwanamke yule. Nilifikiri, hata mzee asiye na jina anatembea katikati ya wanyama wangu, na mimi nimeshika fagio.

Kesho yake, Sabato, tulitoka kanisani alasiri. Baba alitangulia na Biblia yake, mama na mimi nyuma. Kwenye kizingiti cha nyumba yetu alikuwa ameketi mtu aliyejifunika leso, miguu imenyooshwa mbele. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na damu na vumbi vimeshikana vikawa kitu kimoja cheusi. Aliponiona alijaribu kusimama, akashindwa, akaninyooshea mikono. Nilipofika alinishika uso. Kwa kidole gumba alinifunua kope la jicho moja, kisha la pili. Akanigeuza, akanipapasa nyuma ya shingo, taratibu, akitafuta vinundu.

"Uko macho," Dani akasema. Akasema tena, "Uko macho."

Mama alileta maji, na habari ikatoka vipandevipande. Lori lilipofika Thimlich watoto walikimbilia kwenye kuta, Mwalimu akaenda peke yake nyumbani kwa Dani kumsalimu. Uji ulikuwa tayari, mlango wa chini umefyekwa. Dani akamuuliza, "Awuor yuko wapi?" Mwalimu angeweza kusema, nimemshusha ili wageni wapate nafasi. Lakini mtu hasemi hivyo mbele ya sufuria za uji aliopikiwa. Akasema, "Ana homa kidogo." Dani akauliza ni homa gani. Naye akitaka kumaliza maneno akasema, "Homa tu, mama. Amelala. Amelala tu."

Wasioijua Lambwe ya siku zile nitawaeleza. Bondeni kulikuwa na mbung'o, na mbung'o walileta nyalolwe, ule ugonjwa wa malale. Mtu alianza na homa kidogo. Baadaye akalala mchana, akalala akila, akalala akiitwa, hadi siku asiamke. Babu yangu, mume wa Dani, alikufa hivyo. Watu wa pande zile hawakusema mgonjwa "amelala." Walisema amejinyoosha, anapumzika, chochote kile. Kulala lilikuwa neno la kutangaza msiba.

Dani aliacha sufuria kwa majirani akaondoka saa ile ile. Hakumwomba Mwalimu nafasi katika lori kwa sababu lori lilikuwa linakawia hadi mchana, na yeye hakuwa na mchana wa kungoja. Alikata bonde kwa miguu. Usiku alilala katika nyumba ya watu asiowajua chini ya milima ya Gwassi, alfajiri akaendelea.

"Lori lilinipita," akasema. "Lilipunguza mwendo. Nikajua, aha, mwalimu amenitambua, ananisubiri. Nikakimbia. Watoto walinipungia."

Na mnajua nilifanya nini? Mama alikuwa akimtoa miiba. Mzee huyu alikuwa ametembea siku mbili kuja kunizika. Nami, kwa ule uroho wa mtoto aliyekoseshwa kitu, nikamuuliza, "Dani, uliwaona wanyama?"

"Niliwaona."

"Wengi?"

"Nyati walikuwa karibu kama ule mlango. Kuna wale wakubwa wenye masikio marefu na pembe zilizopinda nyuma, walisimama njiani kundi zima, wakanipisha." Akanitazama. "Niliwaona, Awuor. Sikuwatazama."

Hasira nyingine zangu zote nimezielekeza kwa watu. Hii moja ni yangu mwenyewe.

Nilidhani baba atakwenda shuleni na rungu. Alikwenda bila kitu, akamwalika Mwalimu Ogada chakula cha Jumapili. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na Mwalimu ndiye angeandika barua za wanaostahili kuendelea. Baba alituambia, "Ni neno dogo lililoteleza. Mtu mzima hafanyi kesi kwa neno dogo." Mama akachinja kuku, lakini alimchinja vibaya, manyoya yakazagaa uwanja mzima.

Mwalimu alikuja amevaa tai. Aliketi kwenye kiti cha baba, baba akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Dani hakuitwa sebuleni. Baba alisema miguu yake inahitaji utulivu, nasi sote tukajua ni sigara. Alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi.

Nilisimama mlangoni nikisikiliza. "Mzee Onyango, nimesikitika," Mwalimu alikuwa akisema. "Lakini nilisema amelala tu. Kwetu kulala ni kulala."

"Bila shaka," baba akasema. "Bila shaka, Mwalimu." Akacheka kile kicheko chake cha wateja. Kisha akaniona. "Awuor! Leta maji ya kunawa."

Nilikwenda jikoni. Mtungi wa maji safi ulikuwa kushoto. Dani aliinua uso, nikapiga magoti mbele yake nikashika karai pande mbili. Alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akaiweka juu ya gunia.

Maji yalikuwa vuguvugu, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Niliyabeba polepole yasimwagike, nikaingia sebuleni, nikapiga magoti mbele ya Mwalimu kama nilivyofunzwa kumheshimu mgeni, nikanyanyua karai. Alikuwa akiongea na baba habari za mtihani. Alizamisha mikono yote miwili, akaisugua. Kisha akasita. Akainama akatazama. Mwiba mmoja ulikuwa ukielea.

"Maji gani haya?"

"Ya miguu ya Dani, Mwalimu."

Aliitoa mikono akaishikilia hewani, ikichuruzika kwenye suruali yake, hajui aifutie wapi. Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu lile lori, na nikaona kwamba alikuwa anaogopa. Nilitegemea nitafurahi. Nilitamani tu ayanywe.

Aliondoka bila kula. Sikuwahi kusikia akisema neno jingine kuhusu jambo hilo, wala daftari langu sikulipata. Alikaa Sindo miaka mitatu zaidi, akapandishwa cheo. Barua yangu hakuiandika. Niliendelea na masomo kwa njia ndefu, kwa kushona na kusoma jioni, na mnaonijua mnajua nilichelewa kiasi gani. Dani hakuugua malale. Aliishi hadi akamwona mtoto wangu wa pili. Watu wakisikia hivyo huvuta pumzi, husema, basi hakuna kilichoharibika. Wanasema hivyo wakiwa wameketi. Ningependa kuwaona wakisema hivyo katikati ya nyasi, watoto wakiwapungia mkono.

Lakini Jumapili ile bado haikuwa imeisha. Mwalimu alipotoka tu, baba alichukua rula yake ya mbao, ile ndefu ya kupimia vitambaa. Alinipiga uwanjani, juu ya manyoya ya kuku, na sikupiga kelele, na kwa kuwa sikupiga kelele alizidisha. Pigo la sita au la saba nikasikia sauti kutoka mlango wa jikoni.

"Onyango."

Dani alikuwa amefika pale kwa kutambaa. Alikuwa ameketi kizingitini, miguu nje, na sigara mdomoni, mchana wa jua, majirani wote wakiona.

"Mpige," akasema. "Ni mtoto wako. Lakini ukimaliza uje hapa. Maji yangu yametumika, na miguu haijaisha."

"Mke wangu atakuosha, Mama."

"Sikumzaa yeye. Nasikia kule kanisani kwenu mnaoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wenye viatu. Leo osha isiyokuwa na viatu."

Baba alisimama. Rula ilikuwa bado juu. Jirani mmoja alikohoa nyuma ya ua. Nilimtazama baba yangu na kwa dakika ile nilimchukia kabisa, chuki safi, bila chembe ya kitu kingine, nikaomba akatae ili nibaki nayo maisha yangu yote.

Aliiweka rula chini. Akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akajaza karai, akatia chumvi, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya Sabato. Aliosha kwa haraka, uso umegeukia pembeni, kama mtu anayemaliza kazi ya mteja asiyempenda. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alipotaka kuinuka, Dani aliweka mkono begani mwake, si kwa nguvu, akamrudisha chini.

"Kidole hiki," akasema, "umekiruka."